Ukaazi wa Kisheria na Haki ya Kupiga Kura kwa Viongozi Wanaoishi Nje ya Majimbo Yao

Kila unapokaribia wakati wa kuandikisha wapigakura, husikika swali moja mabarazani, sokoni na hata katika afisi za Serikali. Iweje mwananchi aliyezaliwa na kukulia Mkoani, akenda Dar es Salaam kutafuta riziki na kurejea baada ya miaka minne, aambiwe kwamba hajatimiza muda wa ukaazi, ilhali kiongozi aliyefanya kazi Dar es Salaam au Dodoma kwa miaka kumi hurejea jimboni kwake na kupiga kura bila ya pingamizi? Jawabu la mkato linalotolewa mara nyingi, kwamba mkubwa ni mkubwa, si sahihi, na linaivunjia sheria heshima yake bila ya sababu. Jawabu la kweli ni refu kidogo, na linafaa kufahamika na watumishi wa Serikali pamoja na wananchi wote, kwa vile wengi wao litawahusu siku moja.

Jambo la mwanzo la kufahamu ni kwamba Mzanzibari na Mzanzibari Mkaazi si neno moja. Sheria ya Mzanzibari Nam. 5 ya 1985 ndiyo inayoeleza nani ni Mzanzibari. Miongoni mwao ni raia wa Tanzania aliyekuwa akiishi Zanzibar kabla na hadi tarehe 12 Januari 1964. Hadhi hiyo haiondoki kwa mtu kupanda boti. Ukaazi ni jambo jengine. Huo ulikuja kuwekewa utaratibu wake wa usajili na vitambulisho kwa Sheria Nam. 7 ya 2005, na kuanzia 2018 kazi hiyo ikakabidhiwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kwa hiyo kijana wa Wete anayeishi Mombasa au London, maadamu hakuupoteza uraia wake wa Tanzania, bado ni Mzanzibari kama alivyokuwa. Linaloweza kuhojiwa ni ukaazi wake.

Katika uchaguzi wa 1995, ambao ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, mpigakura wa Zanzibar alitakiwa awe ameishi jimboni mwake kwa miaka mitano mfululizo. Baadaye muda huo ulipunguzwa, na katika chaguzi za 2005 na 2010 sheria ilitaka miezi 36 mfululizo. Wapo waliouona muda huo kuwa mrefu mno, na waangalizi wa uchaguzi kutoka nje waliuandikia zaidi ya mara moja. Lakini sababu yake haikuwa ya siri. Majimbo ya Zanzibar ni madogo, na watu wachache wanaohamishwa kutoka jimbo moja hadi jengine wanaweza kugeuza matokeo. Hata katika kura ya Rais, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalimpa Dkt. Salmin Amour kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad kura 163,706. Tofauti ilikuwa kura 1,565 kwa visiwa vyote. Palipo na tofauti ndogo namna hiyo, swali la nani ni mkaazi na nani ni mpita njia haliwezi kuwa dogo.

Sasa mkaazi ni nani? Neno hili haliwezi kupimwa kwa hesabu ya usiku ambao mtu amelala kitandani kwake. Waliosoma fiqhi vyuoni wataikumbuka mas-ala inayofanana na hii. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamemtofautisha msafiri na aliyekaa kwa muda, na huyu naye wakamtofautisha na aliyeufanya mji kuwa ndio kwao. Aliyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena sala. Lakini hata akikaa mwaka au miaka kwa ajili ya masomo, huku niya yake ni kurejea kwao, hahesabiwi miongoni mwa watu arubaini wa kusimamishia Ijumaa. Anayehesabiwa ni yule ambaye mji ule ndio makazi yake, haondoki humo kiangazi wala masika isipokuwa kwa haja. Sheria za uchaguzi za nchi nyingi, ijapokuwa chimbuko lake ni tofauti kabisa, zimefika mahali hapo hapo. Zinaangalia mambo mawili kwa pamoja, nayo ni makazi yanayoonekana kwa macho na niya ya kubaki au kurejea. Moja bila ya jengine halitoshi.

Kwa kuzingatia hayo, sheria ya uchaguzi ya Zanzibar iliyotumika katika chaguzi hizo iliweka sharti la miezi 36, lakini ikawavua na sharti hilo watu ambao kutokuwepo kwao jimboni kunatokana na kazi ya umma au masomo. Humo wamo watumishi wa Serikali, askari wa vikosi vya ulinzi na usalama, wafanyakazi wa jumuiya za kimataifa na wanafunzi. Msomaji ataona kwamba orodha hii haikutungwa kwa ajili ya mawaziri. Karani aliyehamishwa kutoka Chake Chake kwenda Unguja, mwalimu wa skuli aliyepelekwa kusoma nje na askari aliyepangiwa kambi ya mbali, wote wanalindwa na kifungu kile kile kinachomlinda kiongozi.

Kwa upande wa viongozi ipo sababu ya ziada, nayo imo ndani ya Katiba yenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inataka Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamu wa Rais atoke sehemu ya pili. Inataka pia Baraza la Wawakilishi lichague wajumbe watano miongoni mwao wawe wabunge, na hao ni mbali na wabunge wanaochaguliwa moja kwa moja katika majimbo ya Zanzibar. Bunge linakaa Dodoma. Dkt. Ali Mohamed Shein alikuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia 2001 hadi 2010, na mwaka huo wa 2010 akachaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar. Pasingekuwa na kinga ya utumishi wa umma, Katiba ingekuwa inawatuma watu kwa mkono mmoja na kuwavua kura kwa mkono wa pili. Hilo lisingeingia akilini.

Hata hivyo wengi huchanganya kuchagua na kuchaguliwa. Katiba ya Muungano inataka mtu anayegombea ubunge awe raia wa Tanzania, awe ametimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ukaazi wa jimboni haukutajwa miongoni mwa sifa hizo. Ndiyo maana Dkt. Hussein Ali Mwinyi aliweza kuwa Mbunge wa Mkuranga, Tanzania Bara, kuanzia 2000 hadi 2005, kisha akawa Mbunge wa Kwahani, Unguja, hadi 2020 alipochaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar. Kupiga kura ya Rais wa Zanzibar, ya Mwakilishi na ya Diwani ni jambo jengine, nalo linasimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar kwa daftari lake. Ndipo mpigakura aliyetimiza masharti yote hapa Zanzibar anapopewa karatasi tano katika uchaguzi mkuu, na mwenzake wa Bara tatu. Mtanzania anayeishi Zanzibar ambaye hakutimiza sharti la ukaazi hakukosa kila kitu, kwani kura ya Rais wa Muungano na ya Mbunge ina utaratibu wake kwa upande wa Tume ya Taifa.

Ugumu wa suala hili si wa Zanzibar peke yake. Nchini Marekani, ambako kila jimbo la Muungano wao lina sheria yake ya uchaguzi na viongozi wengi hufanya kazi Washington, mbali na kwao, zimetokea kesi mbili zinazofaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu kila moja iligeuka upande wake.

Kesi ya kwanza ni ya Rahm Emanuel. Alikuwa Mbunge kutoka mji wa Chicago, jimbo la Illinois, tangu 2003. Mwezi wa Januari 2009 aliuacha ubunge akawa Mkuu wa Watumishi wa Ikulu chini ya Rais Barack Obama. Nyumba yake ya Chicago hakuiuza bali aliipangisha. Tarehe 1 Oktoba 2010 alijiuzulu kazi hiyo, akarudi kugombea umeya, na hapo mpangaji wake akakataa kutoka kabla ya mkataba kumalizika. Ikabidi mwenye nyumba naye apange kwengine. Uchaguzi ulikuwa tarehe 22 Februari 2011, na sheria ilitaka mgombea awe mpigakura halali na awe ameishi mjini humo kwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Wananchi kadhaa waliweka pingamizi.

Ushahidi uliotolewa haukuwa wa falsafa. Emanuel alionesha kwamba alikuwa akilipia kodi nyumba yake, kwamba leseni yake ya udereva ilikuwa ya Illinois, na kwamba mwezi wa Februari 2010 alipiga kura Chicago kwa njia ya posta kwa anuani ile ile. Akaeleza pia vitu alivyoviacha ndani ya chumba cha chini ya nyumba, likiwemo gauni la harusi la mkewe. Tume ya Uchaguzi ya mji ikakubali abaki kwenye karatasi ya kura, na mahakama ya mwanzo ikaafiki. Lakini tarehe 24 Januari 2011 Mahakama ya Rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikatengua. Hoja yao ilikuwa kwamba kifungu kinachosema mtu hapotezi ukaazi kwa kuwa mbali kwa kazi ya Taifa kinamlinda mpigakura tu. Kwa maoni yao mgombea hakulindwa nacho, naye alitakiwa awe ameishi mjini kwa mwili wake. Yaani mtu yule yule alikuwa na haki ya kupiga kura lakini hana haki ya kupigiwa.

Siku tatu baadaye, tarehe 27 Januari, Mahakama ya Juu ya Illinois ikaifuta hukumu hiyo, na majaji wote saba wakakubaliana kwamba jina lake libaki. Waliegemea hukumu ya 1867 iliyomhusu jaji mmoja ambaye alihamia Tennessee na familia yake kisha akarejea Illinois. Ukaazi ukishapatikana, walisema, hauondoki mpaka mtu auache, na kuuacha ni suala la niya inayothibitishwa na vitendo. Kupangisha nyumba si kuiacha. Emanuel alishinda uchaguzi, akaapishwa kuwa Meya mwezi wa Mei 2011.

Kesi ya pili ilikwenda kinyume. Richard Lugar aliingia katika Baraza la Seneti kwa niaba ya jimbo la Indiana mwaka 1977. Mwaka huo huo aliiuza nyumba yake ya Indianapolis akahamia karibu na Washington, upande wa Virginia. Kwa muda wa miaka thelathini na mitano aliendelea kutumia anuani ya nyumba ile aliyokwisha kuiuza, katika daftari la wapigakura na katika leseni yake. Hakuna aliyemshughulisha mpaka 2012, alipokabiliwa na ushindani mkali ndani ya chama chake. Mwezi wa Februari mwaka huo Tume ya Uchaguzi ya jimbo ilitupilia mbali pingamizi dhidi ya ugombea wake. Tarehe 15 Machi, Bodi ya Uchaguzi ya Wilaya ya Marion, kwa kura mbili dhidi ya moja, ikaamua kwamba yeye na mkewe hawana haki ya kupiga kura kwa anuani ile. Hapa tena mtu mmoja alikatwa vipande viwili, lakini safari hii aliruhusiwa kugombea na akazuiwa kuchagua.

Katiba ya Indiana inatamka wazi kwamba mtu hapotezi ukaazi wake kwa kuwa mbali kwa kazi ya jimbo au ya Taifa, na Lugar alikuwa na rai za Wanasheria Wakuu wa jimbo zilizomuunga mkono. Mbona basi alizuiwa? Wajumbe waliomkatalia waliiangalia nyumba. Kinga ya utumishi wa umma inayahifadhi makazi ambayo mtu anayo, na haiwezi kumjengea makazi ambayo ameyauza. Suala likamalizwa kwa makubaliano, kwa Seneta kujiandikisha kwa anuani ya shamba la familia yake ndani ya wilaya ile ile. Ingelikuwa rahisi kiasi hicho miaka mingi nyuma, lakini kwa kuwa hakufanya, washindani wake walipata la kusema kila siku ya kampeni. Tarehe 8 Mei 2012 alishindwa katika uchaguzi wa ndani ya chama.

Upo na mfano wa kisiwa. Mwaka 2008 Mike Duffy, mtangazaji aliyeishi Ottawa kwa miaka mingi, aliteuliwa kuwa Seneta wa Kisiwa cha Prince Edward nchini Kanada, alikozaliwa na alikokuwa na nyumba ya mapumziko. Katiba ya huko inataka Seneta awe mkaazi wa jimbo analoliwakilisha. Alipodai posho ya makazi kwa nyumba yake ya Ottawa, kwa hoja kwamba kwao hasa ni kisiwani, ulizuka mzozo uliofika mahakamani kwa mashtaka 31. Tarehe 21 Aprili 2016 alifutiwa yote, na jaji akaona kwamba kanuni za Seneti hazikuwa wazi. Watumishi wanaoshughulikia posho za makazi na za uhamisho wataona wenyewe kwa nini kesi hii imetajwa.

Tukirudi nyumbani, tofauti kati ya kesi ya Chicago na ya Indianapolis ndiyo hasa inayomhusu mwananchi wa hapa. Kiongozi au mtumishi aliyepelekwa Dodoma, aliyeacha nyumba Jang'ombe au Micheweni, anayejulikana na sheha na majirani, na ambaye hakujiandikisha kwengine, yuko katika hali ya yule wa Chicago. Aliyeuza nyumba, akaihamisha familia, akaandikishwa katika daftari la Bara, kisha akaja wakati wa uchaguzi na jina la mtaa tu, huyo cheo chake hakimsaidii. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai kwa yeyote, awe Waziri au mchukuzi wa bandarini.

Wanaobaki ni wale ambao sheria haikuwataja kwa majina. Mfanyabiashara wa Kariakoo, mvuvi aliyekwenda dago Mafia kwa miezi kadhaa na kijana aliyeajiriwa na mtu binafsi nchini Oman, hawa hawana barua ya Serikali ya kuonesha. Na ni kweli kwamba mzigo wao ni mzito kuliko wa kiongozi. Safari ya dago, ambayo mtu huacha mke, watoto na nyumba na kurejea upepo ukigeuka, ni vigumu kuiita kuhama. Miaka minne ya kuishi Dar es Salaam na familia nzima ni vigumu kutoiita hivyo. Kati ya hizo mbili ziko hali nyingi ambazo zitaamuliwa kwa ushahidi, na ushahidi hautafutwi asubuhi ya siku ya kuandikishwa.

Kwa sababu hiyo anayeondoka kwa muda anashauriwa amjuulishe sheha wa shehia yake kabla ya kuondoka na anaporejea, kwani kuweka kumbukumbu za wanaohamia na kuhama ni miongoni mwa kazi za sheha tangu Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1998. Ahifadhi hati ya nyumba au mkataba wa kupanga, stakabadhi za maji na umeme, barua ya uhamisho au ya skuli ikiwa anayo, na ahakikishe kwamba anuani iliyomo katika kitambulisho chake ni ya mahali anapoishi kweli. Mtumishi aliyehamishwa kutoka jimbo moja hadi jengine ndani ya Zanzibar aamue mapema wapi anataka kuandikishwa, kisha aombe kuhamisha taarifa zake, asisubiri kukuta jina lake limebaki alikotoka.

Daftari linapobandikwa hadharani, kila mwananchi ana nafasi ya kulisoma na kuweka pingamizi dhidi ya jina analoamini halistahiki. Pingamizi hutolewa kwa maandishi na kwa sababu, na mwenye jina ana haki ya kusikilizwa kabla ya kufutwa. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda mahakamani. Haki hizo ni sawa kwa aliyekataliwa kuandikishwa na kwa anayemlalamikia aliyeandikishwa, na hakuna kifungu kinachomzuia mkaazi wa kawaida kumwekea pingamizi kiongozi wake.